Karani Aliyetuomba Kalenda

Habari ilitufikia Jumatatu tukiwa paredi: karani wa kituo cha kununulia majani chai, hapa kwetu Boito, amefariki. Wenzangu wa klabu ya kompyuta walinitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Nyinyi mnaosoma ukurasa huu mnanijua, kusema mbele ya watu kunanishinda. Afadhali niandike, ingawa leo hata kuandika kunanichosha.

Mama huyo alianza kuugua muhula uliopita, na kilichomchosha kuliko ugonjwa ni simu. Wakulima walimpigia hata akiwa wodini: "Mama, gari ya majani inakuja lini?" Ratiba ilikuwa kichwani mwake tu, na ukichuma siku isiyo ya gari, majani yanapata moto ndani ya gunia na kuharibika. Basi akatuomba kalenda ambayo kila mtu ataifungua kwa simu yake ajionee, ili yeye alale. Tukaitengeneza, yenye rangi nzuri. Siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani tukampelekea. Akajaza mwezi mzima, akafunga, akafungua tena: tupu. "Nyinyi watoto, hii kitu yenu inanisikiliza kweli, ama inaitikia tu?" Alikuwa sawa. Tulikuwa tumechora kalenda bila kuiunganisha na hifadhidata, yaani pale mahali ambapo alichoandika kingebaki hata simu ikizimwa.

Kuiunganisha kulitutoa jasho. Ilipokubali, tukamwomba atusomee saa za gari. Akasema saa nne, tukaandika nne. Mashine haijui saa zetu. Ikaweka saa kumi alfajiri. Mama alipoiona alicheka akashika mbavu. "Saa hiyo nani ataniletea majani, fisi?" Mwenzangu akamjibu, "Fisi pia wana mashamba, Mama." "Basi waambie kituoni tunapokea majani mawili na chipukizi tu. Mabua warudi nayo!"

Tukarekebisha, na safari hii kila kitu kikabaki. Simu ndizo hazikukoma. Watu walifungua kalenda, wakaona Alhamisi, kisha wakampigia kuuliza kama ni kweli. Naye akapokea kila moja, sauti ikizidi kupungua. Siku moja nikajikaza, nikamwambia, "Mama, si uzime tu?" Akanitazama. "Nikizima, watafikiri nimekufa."

Alhamisi ya wiki hii nilipita kituoni. Siku hiyo ya gari alikuwa ameijaza mwenyewe kwenye kalenda kabla hajarudishwa wodini. Akina mama walifika na magunia yao, gari ikaja saa nne asubuhi, na hakuna aliyempigia mtu simu. Kalenda yetu ilifanya kazi vizuri kabisa, nami sikuwa na nguvu za kuifurahia. Nilichojifunza ni kidogo: kama jibu liko mbele ya macho yako, lisome, umwache mgonjwa alale. Tungeweza kumfanyia hivyo angali hai.