Fundi wa mitego na tumbili aliyemwamini

Ni saa tatu asubuhi na Protus Wekulo amepiga magoti mbele ya kasha la chuma kwenye kibanda chake cha mabati, katika mtaa wa Baba Dogo. Anapenyeza kijiti kwenye matundu ya wavu na kugusa kibao kidogo kilicho sakafuni mwa kasha. Mlango unaanguka kwa kishindo. Anauinua, anaupaka grisi pembeni, kisha anagusa kibao tena. Safari hii unashuka taratibu na kujifunga.

"Ukipiga kelele unamtia mnyama hofu kabla hujamfikia," anasema huku akijipangusa mikono kwa kitambaa. "Kanu anaweza kufa kwa hofu tu. Nimeshaona."

Kasha hilo linapelekwa Dandora. Huko mfugaji mmoja amekuwa akikuta manyoya tu pale alipowaacha kuku wake. Anayewala ni kanu, mnyama mwembamba wa madoadoa anayefanana na paka. Wengi hudhani anapatikana mbugani pekee, lakini Wekulo amewanasa kwenye dari za nyumba, kwenye stoo za posho na mara moja ndani ya injini ya lori bovu.

Wekulo, mwenye umri wa miaka 52, ni fundi wa kuchomelea. Alitoka Bungoma akiwa kijana kuja kufanya kazi katika kiwanda cha rangi. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, alibaki na mke, watoto wawili wa kulisha na ufundi aliouokota kwa kuwatazama wenzake. Akaanza kutengeneza milango, vitanda na vyuma vya madirisha.

Mtego wa kwanza aliutengeneza kwa sababu ya jirani aliyekuwa akisumbuliwa na nguchiro. Jirani akamwambia mwenzake, naye akamwambia mwingine. Siku hizi anapigiwa simu kutoka Umoja, Kayole, Tassia hadi Ruai. Hukodisha kasha kwa shilingi elfu mbili na nauli, na mnyama akinaswa huwaita maafisa wa wanyamapori waje kumchukua.

"Hii ya mitego si kazi ya kutajirisha mtu," anasema. "Vitanda ndivyo vinavyonilisha. Lakini nisipoenda mimi, watu wanatumia sumu. Na sumu haichagui."

Kuna mnyama mmoja tu ambaye hakubali kumnasa. Asubuhi hiyo simu inalia, na sauti ya mwanamke kutoka Tassia inalalamika kuhusu tumbili wanaoingia jikoni kupitia dirishani. Wekulo anamsikiliza hadi mwisho.

"Mama, nitakuja kukufungia wavu kwenye madirisha," anamjibu kwa upole. "Kunasa, hapana. Tumbili sinasi."

Anakata simu na kuangalia ng'ambo ya barabara, ambako mwanamke aliyejifunga leso anapanga nyanya mafungu mafungu. Ni Teresiah, mama mboga ambaye mtaa mzima humwita Mama Kui.

"Muulize yule atakwambia kwa nini," anasema.

Teresiah hahitaji kuulizwa mara mbili. Anasema mwaka juzi, wakati wa kiangazi, tumbili dume alitokea mtaani akiwa peke yake. Wengine walisema alifuata mto kutoka msituni, wengine kwamba alitoroka kwa mtu aliyekuwa akimfuga. Alizoea kupita mlango kwa mlango katika fleti za hapo karibu, akichungulia ndani na kuchukua anachotaka bila kuomba. Wapangaji wakampa jina la Lando, yaani "landlord", kwa kuwa tabia hiyo waliijua kwa mwenye nyumba.

"Kwangu hakuiba," anasema Teresiah. "Nilimwekea ndizi zilizolainika ambazo wateja hawazitaki. Anakuja, anakaa hapo juu ya kreti, anakula, anaenda zake. Nilikuwa nimefiwa na mzee wangu mwaka huo. Asubuhi kulikuwa na mtu wa kungojea."

Si wote waliomwona hivyo. Sally, mpangaji anayefanya kazi katika kiwanda cha sabuni, alikuwa amemkalisha bintiye mdogo kwenye ngazi akiwa na biskuti mkononi. Lando alishuka kutoka kwenye paa na kuinyakua. Mtoto alipoing'ang'ania, kucha zikamchana mkono.

"Sikuwa na ubaya na yeye, hata alikuwa anatuchekesha," anasema Sally. "Lakini nikiona damu ya mtoto wangu, hapo mambo ya kuchekesha yameisha. Tulienda sindano za kichaa cha mbwa mara kadhaa. Kila tukienda mtoto analia tangu kwenye geti. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Wapangaji walikutana uani. Kijana mmoja akasema atapaka mkate sumu na kuuacha juu ya paa, na wengi wakanyamaza kwa namna ya kukubali. Wekulo, aliyekuwa ameitwa kurekebisha geti, aliweka chini vifaa vyake na kuomba wampe muda amtoe akiwa hai.

Akavuka barabara kumweleza Mama Kui. "Nilimwambia watampeleka msituni akae na wenzake," anakumbuka. "Ndivyo nilivyojua mimi. Alifikiri kidogo, kisha akanichagulia ndizi nzuri kabisa, zile za kuuza. Akasema, basi mshike wewe, asishikwe na hao wengine."

Haikuwa kazi rahisi. Lando hakugusa kibao cha mtego hata mara moja. Alikikagua akiwa nje na kuondoka. Wekulo akaona hakuna njia nyingine ila kuzoeana naye. Akawa anamlisha uani kila siku, kwanza mbali na kasha, baadaye mlangoni, kisha ndani. Wiki zikapita. Tumbili akafika mahali pa kumfuata fundi akisikia tu mlio wa nyundo yake, na kuketi karibu yake wakati akipiga chuma.

"Alikuwa anapenda kunishika hapa," anasema Wekulo, akionyesha mkunjo wa shati lake kwenye kiwiko. "Hakuvuta. Alishika tu."

Siku yenyewe, Lando aliingia ndani ya kasha kama kawaida na kuanza kumenya ndizi. Wekulo alikuwa amefunga kamba kwenye mlango. Akaivuta.

"Nilitegemea apige kelele au arukeruke. Hakufanya hivyo. Aligeuka akaniangalia, ndizi bado iko mkononi, kama anayengoja nimwambie kuna nini." Fundi anaokota kipande cha waya kilichokuwa chini. "Mimi nikaondoka pale. Sikuweza kukaa."

Afisa wa wanyamapori anayeitwa Ndolo alikuja na pikapu mchana huo. Alieleza kwamba kwa sababu tumbili alikuwa amemjeruhi mtoto, angetengwa kwanza na kuchunguzwa, halafu aachiliwe msituni. Wapangaji walishangilia. Teresiah alifunika mboga zake kwa shuka, akaingia nyumbani na hakutoka hadi gari lilipoondoka.

Tangu siku hiyo, anasema Wekulo, haipiti wiki bila Mama Kui kumuuliza kama amepata habari za Lando. Naye humjibu kwamba bado hajasikia, jambo ambalo ni kweli.

Je, aliwahi kupiga simu kuuliza? Wekulo anatikisa kichwa. "Namba ya Ndolo ninayo. Huwa ananichukulia kanu na nguchiro. Nikimaliza hayo ya kanu nataka kumuuliza, halafu nasema, ah, siku nyingine."

Anatazama kasha lililo tayari kwenda Dandora. Kisha, bila kushauriwa, anaweka simu mezani, anawasha spika na kubonyeza namba hiyo mwandishi akisikiliza.

Baada ya salamu na maelezo kuhusu kanu, Wekulo anauliza.

"Kumbe hukuambiwa," anasema Ndolo.

Afisa huyo anaeleza polepole. Tumbili hakumaliza hata wiki ya kwanza. Waliompima walimkuta hana ugonjwa wowote, ila alikataa kula. Walimwekea matunda, wakabadilisha, wakamwekea mahindi mabichi. Hata maji hakunywa. Alikaa akiangalia mlango hadi nguvu zikamwisha.

"Nilikaa naye jioni ile ya mwisho, Mzee Wekulo," anasema Ndolo. "Nilitaka kukupigia. Baadaye nikaona miezi imepita na hukuuliza, nikadhani labda ni afadhali hivyo."

"Kuna mama hapa ananiuliza kila wiki."

"Basi mwambie aliachiliwa. Yuko msituni na wenzake. Itamsaidia nini akijua?"

Nje, mashine ya jirani ya kukata vyuma inaanza kunguruma, kisha inazimwa.

"Kwako ni rahisi kusema hivyo, kwa sababu humwoni kila asubuhi," anajibu Wekulo. "Asante kwa kuniambia ukweli, Ndolo."

Anakaa kwenye kiti chake cha mbao kwa muda mrefu. Mteja anakuja kuulizia kitanda na kuambiwa arudi alasiri. Kisha fundi anaosha mikono kwenye beseni, anavaa shati safi lililotundikwa nyuma ya mlango na kuvuka barabara.

Teresiah anamwona anakuja na kutabasamu. "Fundi, leo umevaa vizuri. Unaenda wapi?"

"Nimekuja kwako, Mama Kui. Nimepiga simu kwa wale watu."

Mama mboga anaweka kisu chake juu ya rundo la sukuma wiki. Wekulo anamweleza yote jinsi alivyoyasikia, bila kuruka chochote. Teresiah anamtazama usoni hadi mwisho.

"Alikataa kula," anasema Teresiah.

"Alikataa."

"Wakamwekea nini?"

"Matunda. Mahindi."

"Mngeniita," anasema mama huyo kwa sauti ya chini. "Ningeenda. Hata kama ni kila siku, ningepanda gari niende. Kutoka kwangu angekula."

"Sikujua, Mama Kui. Wallahi sikujua kwamba amekataa kula."

"Sikusema ulijua. Nasema mngeniita."

Mteja mmoja anasimama kando akingoja kuhudumiwa. Wekulo, asiyejua la kufanya, anaonyesha nyanya na kuomba auziwe fungu moja. Teresiah anazitazama nyanya hizo zilizojaa meza.

"Leo sina cha kukuuzia, fundi," anasema, kisha anamgeukia mteja.

Wekulo anarudi kibandani na kuvua lile shati safi. Anapozungumza tena, hajitetei. "Wangempa sumu, hilo najua. Kumtoa hapa ilikuwa lazima. Lakini tulimtoa kama tunavyotoa takataka, gari likishakunja kona tunaona kazi imeisha. Hatukufikiri kwamba ana mtu aliyemzoea. Mimi nilikuwa mtu wake. Mama Kui alikuwa mtu wake. Akaamka mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu."

Anasema amemwomba Ndolo kwamba wakati mwingine akichukuliwa mnyama aliyezoea kulishwa na mtu, mtu huyo aruhusiwe kuandamana naye. Ndolo amemwahidi kulizungumza na wakubwa wake. Wekulo hajui kama watakubali.

Mpango anaoweza kuutimiza kwa mikono yake ni mwingine. Anataka kabla ya kiangazi kijacho, msimu ambao tumbili hushuka kutafuta chakula, awe amefunga wavu kwenye madirisha ya ngazi za fleti zile na kutengeneza mapipa ya taka yenye vifuniko vya komeo. Vibanda vya mboga vitapata wavu wa mbele unaofunguka kama mlango. Wapangaji, Sally akiwa mmoja wao, wamekubali kuchangia vyuma. Kazi yake ataitoa bure.

"Mnyama asipopata kitu kwetu, atachungulia na kurudi kwao," anasema. "Hatutafika mahali pa kumnasa."

Mwandishi alipompigia simu wiki iliyofuata, wavu wa kwanza ulikuwa tayari, umeegemezwa ukutani. Ni wa kibanda cha Teresiah. Hakwenda kukipima kwa futi. Alikadiria vipimo kutoka ng'ambo ya barabara, kwani mama huyo alikuwa bado hajamsemesha.

Ila siku iliyotangulia, alisema Wekulo, Kui, binti wa Teresiah, alipita akitoka kazini. Akasimama mbele ya kibanda na kumuuliza wavu ule mzuri ni wa nani.

"Nikamwambia, mwambie mama yako ni wake, nitaufunga siku atakayotaka. Mama Kui bado hajanijibu. Lakini leo asubuhi alinyanyua kichwa akaangalia huku. Nitangoja."