Vikopo vya Udongo kutoka Mamba

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, pale chuoni kwetu Same, jua kali hata mijusi wanaomba kivuli. Nilikuwa kijana wa masomo ya jioni. Niliyasoma miaka mingi mpaka popo wakanijua kwa jina. Chuo kizima kilikuwa na profesa mmoja tu wa kemia, mama wa Usangi, mwembamba, sauti ndogo, lakini akikohoa tu chupa za maabara zinajipanga mstari.

Mwaka ule tangawizi ya Mamba, kijijini kwetu mlimani, ilikuwa ikioza shambani. Wakulima wakateremsha udongo wao kwenye vikopo ishirini, kila kimoja kimefungwa kwa kamba ya mgomba, tuwapimie kama tindikali imezidi, wajue nani atie chokaa na nani asitie, kabla ya kupanda. Profesa akanikabidhi mimi, kwa kuwa ni mtoto wa Mamba. Nikapima vitatu. Mgongo ukauma. Nikajiambia, udongo wa mlima mmoja ni baba mmoja mama mmoja. Nikajaza namba kumi na saba kutoka kichwani, zimekaa vizuri kuliko za kweli.

Jumamosi hiyo akaisoma karatasi yangu.

"Kikopo cha kumi na moja umekipima?"

"Nimekipima, Profesa."

"Kilete."

Nikakileta. Fundo la mgomba lilikuwa bado limekaza. Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Yangu haikuvuka hata meza ile.

Nilidhani atanifukuza. Akavua miwani, akaketi kama mtu aliyetua gunia. "Wenzangu wote wamehamia vyuo vya mijini," akasema. "Mimi nimebaki kwa sababu watu hawa walibeba mawe ya maabara hii kwa msaragambo, kijiji kizima, wazee kwa watoto. Na wewe, Mpare mwenzangu, unawarudishia uongo wenye namba? Panda Mamba. Kawaambie mwenyewe."

Nikapanda. Niliwakuta wakizibua mfereji, majembe mkononi. Nikasema yote. Shangazi yangu, mwenye kile kikopo cha kumi na moja, akanitazama.

"Kwa hiyo hujui?"

"Sijui, shangazi."

"Haya, kajue. Tutasubiri."

Wakasubiri. Mvua za kwanza zikanyeshea mashamba matupu. Nikapima vyote ishirini, kila kimoja mara mbili. Udongo wa shangazi haukuhitaji chokaa hata chembe. Mimi nilikuwa nimemwandikia magunia. Mwaka ule alivuna haba kwa kuchelewa kupanda, na hakunilaumu hata mara moja. Hilo ndilo linalonichosha hadi leo.

Profesa alishastaafu, na nafasi yake haijapata mtu wa kudumu. Nimechoka, mwanangu, kuwaona mkinakili majibu ya maabara kutoka kwenye simu hata kabla taa ya kuchemshia haijawashwa. Walimu wanaokubali kubaki huku ni adimu kama mvua ya Kwakoa. Usiwape sababu ya kuondoka. Usiandike usichokipima. Usipojua, sema hujui, kisha rudi ukatafute. Elimu ya huku kwetu imebebwa na migongo ya watu wasioweza kukukagua. Wao wanakuamini tu.

Mungu akupe macho ya kuangalia mara ya pili. Na siku utakayolazimika kusema hujui, akupe watu watakaokusubiri.