Ngazi 64 kati ya fundi na seva yake

Saa sita na nusu mchana, Jumamosi. Mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu anabonyeza kitufe cha mwisho, kisha anaondoa mikono kwenye kibodi kana kwamba imemuunguza. Seva ya hospitali inajizima ili iwake upya na toleo jipya la Linux, mfumo unaoiendesha. Maandishi kwenye skrini yanakatika.

"Sasa sina macho wala masikio huko juu," anasema.

Huko juu ni ghorofa ya nne. Wauguzi humwita Mama Mitambo, na ndiye peke yake anayetunza seva hiyo yenye rekodi za wagonjwa elfu arobaini na hesabu ya akiba ya damu. Hajawahi kuiona. Lifti iliharibika mwezi alioajiriwa, miaka mitatu iliyopita, na mpaka leo ni mlango wa bati uliobandikwa karatasi. Zimebaki ngazi sitini na nne.

Kila kitu anakifanya kwa mtandao, akiwa chini kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Harufu ya dawa ya sakafu haijatoka.

"Mara moja walinibeba," anasimulia. "Wanaume wanne, mmoja anacheka. Ghorofa ya pili wakaniweka chini wapumue, watu wakawa wananiruka kama gunia. Nikawaambia, nirudisheni. Sirudii tena."

Kila akiulizia lifti, mkuu wa utawala humjibu: "Si unafanya vizuri tu ukiwa hapo chini?"

"Yaani ujuzi wangu ndio umekuwa kisingizio chao!" anasema, akipiga kiganja mezani.

Dakika ya nne, seva bado kimya. Muuguzi wa wodi ya wazazi anachungulia mlangoni.

"Dada, inarudi saa ngapi? Nina mzazi anavuja damu, sijui zimebaki chupa ngapi za kundi lake."

"Chukua orodha hiyo, nimeichapa saa mbili asubuhi. Zilizotoka baada ya hapo hazimo, kwa hiyo waambie maabara wahesabu kwa mkono. Kimbia, mdogo wangu."

Kisha anampigia mkuu wa utawala, ambaye ufunguo wa chumba cha seva hutembea naye mfukoni. Simu inapokelewa katikati ya muziki.

"Niko harusini, bwana. Si ulisema unaweza? Subiri Jumatatu."

Simu inakatwa.

Dakika ya kumi na moja, seva inaitika. Anaingia, anakagua, anashusha pumzi. Kumbe toleo jipya lilibadilisha jina la kadi ya mtandao, kifaa kinachoiunganisha seva na mtandao, kwa hiyo seva iliwaka salama lakini haikuijua njia ya kutokea. Yeye alikuwa ameihofia hila hiyo. Wiki nzima alifanya majaribio nyumbani kwenye kompyuta kuukuu ya kaka yake, na ikamnasa mara mbili. Ndipo akaiachia seva agizo: dakika kumi zikipita sijaingia, fungua mtandao kwa jina lolote utakalolikuta kwenye kadi.

Mzazi yule alipata damu, maana maabara walihesabu kwa mkono.

Jumatatu, tangazo la pongezi likabandikwa ukutani. Lilisifu "uongozi makini," na picha ilikuwa ya mkuu wa utawala akiwa ameegemea seva. Jina la fundi halikuwamo.

"Nililisoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari," anasema.

Siku hiyo hiyo aliandika barua kwa bodi ya hospitali, nakala kwa chama cha wafanyakazi. Kazi nyingine kama ile inakuja baada ya miezi sita, na ameshasema hataifanya tena gizani.

"Watengeneze lifti, au waishushe seva. Chumba cha pili kutoka hapa ni kitupu. Nimeupima mlango, kiti changu kinapita. Umeme upo, kinakosekana kiyoyozi tu. Nimewachorea hadi mahali pa kupitisha nyaya. Wakishindwa hata hilo, watafute mtu wa kuwaeleza wagonjwa sababu ya seva kuachwa hivyo, maana mimi nitawaeleza ukweli."