Viti vya Kuazima

Mama yangu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: wageni. Akisikia mgeni anakuja, hata kama ni mpwa wa jirani anayepita tu kwenda stesheni, atafagia uwanja mara mbili na kumkimbiza kuku wa mwisho. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akalala na njaa. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga mizinga ya nyuki na kuuza asali, alicheka tu. Mimi sikucheka, kwa sababu kuku yule mara nyingi alikuwa wangu.

Tulikaa Chemchem, Tabora, enzi za Mwingereza, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili. Mwaka niliomaliza shule nilipata nafasi ya chuo cha ualimu, na Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Halafu Baba akauliza habari ya ada. Asali yake yote ya msimu ingeninunulia shuka na sabuni, basi.

Padri wetu akatuambia kuwa baraza la wenyeji lina fungu dogo la kuwasomesha watoto wa wasio na uwezo. Akatuombea. Jibu likaja kwamba Jumamosi atakuja karani kuona kwa macho yake hali yetu. Akiridhika kwamba hatuna kitu, nakwenda chuoni. Asiporidhika, nafasi yangu anapewa mwingine, nami nakwenda Bukene kwa shangazi kulima karanga. Shangazi nilimpenda sana. Kulima karanga sikupenda, na mpaka leo sipendi.

Mtu mwenye akili zake angeiacha nyumba ilivyo. Umaskini wetu ulikuwa umekamilika, haukuhitaji kuongezwa wala kupunguzwa. Lakini Mama katika habari yote ile alisikia maneno mawili tu: karani anakuja.

"Atakaa wapi?" akauliza.

"Kwenye kigoda," Baba akasema.

"Karani wa baraza akae kwenye kigoda? Watu wa mtaa wa Mtendeni watasema nini?"

Ijumaa jioni akaanza kuzunguka mtaani. Kwa katekista alipata viti viwili vya mninga. Fundi cherehani wa Mtendeni alimpa meza na kitambaa cha maua. Jirani wa upande wa pili, mke wa mwenye duka la nguo, alitoa birika na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Majirani wakaona raha, kwa sababu mgeni wa mmoja kwetu ni mgeni wa mtaa. Ambao hawakuombwa wakaona wamesahauliwa, wakaleta wenyewe. Mmoja akaegemeza baiskeli yake ukutani. Mwingine akaja na gramafoni ambayo haikuwa na hata sahani moja ya kupiga, akaiweka pembeni ikae tu. Nilipojaribu kusema, Mama akaniambia nina kichwa kigumu kama cha bibi mzaa baba.

Kiti kikubwa kuliko vyote, chenye mikono na mto, kilitoka kwa bibi mmoja Mzaramo aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli, ndiye aliyemleta huku bara. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na misafara. Mtani huingia kwako bila hodi, hukutukana mbele za watu, huchukua hata chungu kilichoko jikoni, na wewe ukikasirika ndiwe uliyekosa adabu. Bibi yule aliitumia haki yake kila siku. Baba alikuwa akimficha asali.

Jumamosi asubuhi karani akaja, kaptura imepigwa pasi, soksi mpaka magotini. Nikapiga magoti nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa juu ya baiskeli. Akaketishwa kwenye kiti cha Bibi. Akaugusa mto. Akaitazama gramafoni, akakitazama kitambaa, akakigeuza kikombe kuusoma ule ukingo wa dhahabu.

"Mmejaliwa," akasema.

"Tunamshukuru Mungu," Mama akajibu, amefurahi kweli.

Nikamwona Baba akiinamisha kichwa. Sasa naye alikuwa ameelewa, lakini angesemaje? Aseme mbele ya mgeni kwamba mkewe ameazima? Mimi nami binti, kazi yangu kumimina chai na kufunga mdomo.

"Wako watoto," karani akasema taratibu, "ambao kwao hakuna hata pa kukaa. Fungu letu ni dogo. Naona ninyi mnaweza kujikaza."

Nikaona shamba la karanga, refu, halina mwisho. Nikachukua birika nikasema naongeza maji, nikatokea mlango wa nyuma, nikakimbia.

Bibi alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamweleza nikihema.

"Mama yako hawezi kusema," akasema, "wewe huruhusiwi kusema. Mimi nani ataninyamazisha?" Akaweka ungo chini, akajifunga kanga kiunoni.

Aliingia kwetu kama mwenye nyumba. "Enyi Wanyamwezi! Tangu enzi za misafara kazi yenu kubeba vya watu! Safari hii mmevibeba mpaka sebuleni? Kitambaa cha fundi, viti vya katekista, vikombe vya watu! Nguo ya kuazima haisitiri matako!" Akamgeukia karani. "Na wewe Mnyamwezi mwenzao, inuka. Umekalia kiti cha marehemu mume wangu."

Karani akainuka. Hakuwa na la kufanya, naye alikuwa mtani. Lakini akatabasamu, akamwambia Baba, "Maneno ya mtani ni mzaha. Nitayapelekaje barazani?"

"Mzaha?" Bibi akasema. Akajitwisha kiti kichwani, akatoka nje akipaza sauti: "Jamani, mgeni anaondoka! Njooni mchukue vyenu!"

Mtaa mzima ulikuwa ukichungulia, na hakuna anayependa kitu chake kichelewe kurudi. Katekista akaja kwa viti vyake, akamwamkia karani kwa heshima zote. Fundi akakunja kitambaa, akabeba meza. Baiskeli ikaondoka, gramafoni ikaondoka. Mke wa mwenye duka akasubiri kwa adabu karani amalize chai yake, kisha akakipokea kikombe kutoka mkononi mwake. Kufumba na kufumbua sebule ikabaki na sisi watatu, karani amesimama katikati, na jogoo aliyeingia kuangalia kulikoni.

Nikamtazama Mama. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Akaingia chumbani. Nikadhani hatatoka. Akatoka na kigoda chetu, kile cha miguu mitatu alichochonga Baba, akakipangusa kwa kanga yake, akakiweka mbele ya karani.

"Karibu ukae, baba," akasema. "Hiki ni chetu."

Karani akakaa, magoti yakamfika kidevuni. Mama akamletea matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, na asali kwenye kibuyu. Akala, akaomba tena. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, akatuambia kwao mama yake aliazima mbuzi watatu padri alipokwenda kuwatembelea. Akaaga. Alipofika uwanjani akanigeukia, akaniambia chuo kikifunguliwa nisichelewe.

Mama hakumkasirikia Bibi, maana haruhusiwi. Mimi aliniuliza tu, "Yale maji ya chai ulikwenda kuyachota mto Igombe?" Baba akampelekea Bibi kibuyu kizima cha asali, bila kufichwa.

Nilipoanza kufundisha, kwa mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia Mama kiti cha mninga chenye mikono. Mtaani kikapata jina, na wenye wageni wakaja kukiazima, naye akakitoa kwa fahari. Siku moja akaja mama mmoja mjane, mbio mbio, kanga inamdondoka. Mwanawe amepata chuo, karani anakuja kesho, kiti tafadhali.

"Kiti hakitoki," Mama akasema.

Yule mama akasimama pale amepigwa na butwaa, maana hajawahi kusikia Mama yangu akimnyima mtu. Mama akaingia chumbani, akatoka na kigoda, akakipangusa kwa kanga yake, na jua lile la saa saba akampelekea mwenyewe mpaka kwake.