Punje za Watoto

Mikungu ya ndizi niliihesabu mara mbili kila siku ya soko: mara ya kwanza nikiwa bado nyumbani Kijenge, mara ya pili nikishaitua chini karibu na boma la Wadachi. Kati ya hapo kulikuwa na mto, mteremko na wapagazi wenye njaa, na mkungu hauibiwi wote kwa mkupuo. Unapungua ndizi moja moja huku kila anayekupita anakusalimu kwa heshima. Vibuyu vya maziwa nilivihesabu mara mbili. Shanga na vipande vya magadi nilivyobadilishiwa, vilevile. Hata salamu za mke wa askari mmoja, mteja wangu mkubwa, nilizihesabu, maana zikizidi tatu nilijua anataka nyongeza.

Kitu kimoja sikukihesabu: watoto. Kwetu Waarusha mtoto hahesabiwi, wala hanyoshewi kidole. Ukiniuliza ninao wangapi nitakujibu, "Wapo." Ukiendelea kuuliza, nitaanza kukutilia shaka.

Basi binti yangu aliyekuwa mdogo kuliko wote wakati ule, sisemi alikuwa wa ngapi, alikuwa hasemi. Mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi mmoja naye alishaanza kumsengenya baba yake. Wangu alitembea vizuri, alikula vizuri, aliona kila kitu, lakini mdomo wake ulifungwa kama kibuyu chenye kifuniko. Watu wakaanza kusema ni bubu. Hawakuniambia mimi, walisema wakiwa wameshanipita hatua chache, ili nisikie.

Mama mkwe wangu, aliyewazalisha wanawake wengi wa upande ule wa mlima, alipiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto. Mtoto akageuka.

"Masikio anayo," akasema. "Kilichobaki sikijui."

Niliogopa. Mimi nimeishi kwa mdomo wangu. Mtu asiyeweza kusema "hapana" ataibiwa maisha yake yote, na mimi sitakuwapo siku zote kumhesabia.

Kule juu misheni palikuwa na mwanamke wa Kidachi, muuguzi, sisi tukimwita Bibi wa misheni. Asubuhi moja kila wiki aliwakusanya akina mama wenye watoto wadogo uani kwake akawafundisha kulea. Nilicheka niliposikia, maana yeye mwenyewe hakuwa na mtoto. Halafu nikasikia kwamba anagawa sabuni, nikaacha kucheka. Kusema kweli nilifuata sabuni. Mama mkwe alinifuata mimi, kuhakikisha sigeuzwi akili.

Tulikuwa wengi. Idadi siitaji; akina mama nao ni watoto wa watu.

Bibi yule aliwapa watoto uji, akatufundisha kuchemsha maji ya kunywa na kumsafisha mtoto macho ili nzi wasitue. Baadaye akaja kuketi karibu nami, akamtazama binti yangu kwa muda mrefu. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kilichonyooka kuliko changu.

"Mama, siku ya soko mtoto huyu hukaa wapi?"

"Nyuma ya mikungu, ndani ya kikapu. Hakanyagwi, hapigwi na jua."

"Nawe humwambia nini?"

"Namwambia anyamaze, nina mteja."

"Na nini kingine?"

Nikahesabu. Nikahesabu tena.

"Namwambia anyamaze," nikasema.

Hakunicheka. "Basi ni mtoto mtiifu," akasema, akaniacha niketi na neno hilo.

Alitutaka tuzungumze na watoto juu ya kila kinachofanywa na mikono yetu, kisha tungoje jibu, hata kama jibu ni kuchezesha mguu tu. Tukiwa njiani kurudi, mama mkwe hakunyamaza hata kidogo.

"Hayo nilikuambia kabla Mdachi huyu hajaijua njia ya kuja huku. Uliniambia una haraka."

"Ni kweli, mama."

"Ila mimi sina sabuni."

Wiki zilizofuata binti yangu alianza kubadilika. Hakusema, lakini akiwa kati ya wenzake pale uani alipiga makofi walipopiga, akafungua mdomo walipoimba. Nyumbani hakufanya hivyo. Alihitaji lile kundi, na mimi nikawa wa kwanza kufika kila wiki, hata sabuni ilipokwisha.

Ndipo siku moja Bibi akasimama mbele yetu na daftari, akanyosha kidole. "Mmoja, wawili, watatu..."

Kidole kilipokaribia kwetu mama mkwe alimtupia mtoto shuka lake kichwani, kama anamkinga na mvua. Wengine waliwafunga watoto mgongoni wakaondoka bila kuaga. Bibi alibaki na kidole chake hewani, akidhani amekosea hesabu.

Wiki iliyofuata nilikuja mimi peke yangu na mtoto. Binti yangu alitazama uani patupu, akaketi, akafunga mdomo wake. Nikaona kila nilichopata kinachukuliwa na mto.

"Hawakuupenda uji?" Bibi akaniuliza.

"Bibi, umewahesabu watoto."

Nikamweleza. Akashika kichwa. Wakubwa wake walitaka kila mwezi wajue ni watoto wangapi wanaofunzwa, la sivyo kazi hiyo ingefungwa na yeye angepelekwa kufundisha kushona. Nikaona hapa kuna mnunuzi na kuna muuzaji, na kazi yangu naijua. Nikarudi nyumbani kumwita mama mkwe, nikamleta, nikaketi katikati yao.

"Niandike majina yao," Bibi akaanza.

"Hapana," mama mkwe akasema.

"Niwahesabu akina mama peke yao."

"Unafikiri akina mama waliota shambani?"

"Mama," nikamgeukia mama mkwe, "punje ya harage unaweza kuihesabu?"

Akaniangalia kwa hasira. "Harage ni chakula."

"Basi kila mtoto akifika, wewe mwenyewe unampa punje moja mkononi. Yeye anaitumbukiza kibuyuni. Wakishaondoka wote, Bibi anahesabu maharage. Watoto hawapo, hakuna aliyenyoshewa kidole."

Mama mkwe alifikiri kiasi cha kumaliza kipande cha tumbaku. "Na maharage hayo yatafanywa nini baadaye?"

"Yatapikwa."

"Na kidole?"

"Kitakaa mfukoni," Bibi akasema upesi.

"Na nyimbo za kuwachezesha nitafundisha mimi," mama mkwe akaongeza. "Zako zinawalaza."

Bibi akakubali. Nilidhani biashara imekwisha na mimi sikutoa kitu, kumbe Bibi naye alijua soko. "Na wewe mama," akaniambia, "siku za soko utazungumza na mtoto wako. Mbele ya mikungu, siyo nyuma."

Mama mkwe akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda pale.

Akina mama walirudi, kwa sababu mama mkwe aliwapitia nyumba kwa nyumba. Mimi nikamweka binti yangu mbele, karibu na goti langu. Shida ilikuwa maneno. Mimi mazungumzo ninayoyajua ni ya aina moja. Basi nikawa nabishana naye bei.

"Kwa ndizi hii utanipa nini?" namuuliza. Ananipa jani. "Bado, ongeza." Ananipa jiwe. "Bado." Ananipa kiatu cha mteja. "Hapo sasa tumeelewana."

Mke wa askari alisimama akatuangalia, mikono kiunoni. "We mama! Umekosa watu wa kuwapunja, unampunja mwanao?"

"Namfundisha."

"Na mimi nikitoa jani?"

"Wewe unajua kusema. Toa chumvi."

Siku hizo niliuza kidogo, nikacheka zaidi ya nilivyouza. Mtoto alitoa alivyotoa, wala hakusema. Nilianza kuzoea, na kuzoea kuliniogopesha kuliko maneno ya majirani.

Asubuhi moja tulikuwa misheni, umande bado uko kwenye migomba. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa ua na kibuyu chake, akigawa punje kama anayegawa mirathi. Watoto walitumbukiza mmoja baada ya mwingine na kukimbilia mchezoni. Alipoona wamekwisha akachukua kifuniko.

Mkono mdogo ukashika mdomo wa kibuyu.

"Bado," binti yangu akasema.

Mtoto akafungua kiganja cha pili. Punje yake ilikuwa humo, ameishika muda wote. Akamwonyesha bibi yake, akakunja tena vidole, akarudia kwa sauti ya mtu anayejua thamani ya mali yake, "Bado."

Bibi wa misheni alikuja mbio. "Amesema nini? Amesema nini?"

"Amesema Kiswahili!" mama mkwe akalia. "Miaka yote hii nangoja, neno la kwanza siyo yeyo, la kumwita mama yake, siyo koko, la kuniita mimi bibi yake, siyo maziwa. Ni neno la wachuuzi!" Lakini alikuwa amepiga magoti, ameshika kile kingumi kwa mikono miwili, na kifuniko kilikuwa kimebingirika hadi kwenye matope bila yeye kujali. "Haya, mfanyabiashara. Unataka nini?"

Mtoto akafikiri. Akanyosha mkono kwenye kapu la maharage. Mama mkwe akampa punje ya pili. Ndipo akaitumbukiza ile ya kwanza, baada ya kuitia mdomoni kwanza, kuhakikisha.

Mimi niliokota kifuniko matopeni, nikakifuta kwa shuka langu.

Watu walipoondoka, Bibi aliniomba nimsaidie kuhesabu, maana macho yake yalikuwa na maji. Nikamwaga punje kwenye ungo. Nilizihesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Ile yenye mate niliihesabu mara tatu. Harage ni chakula, kwa hiyo hakuna mwiko niliouvunja.