Nilifunga kamba kwenye kisiki, kesho yake nikaitwa madhabahuni kushuhudia

Wakuu, habari za humu.

Hili sijasimuliwa, limenikuta mwenyewe. Sitaongeza chumvi, maana kanisa zima lilikuwepo na baadhi yao wako humu.

Mimi ni mkazi wa Mpemba, hapa Tunduma. Mwili ninao, ndiyo maana kanisani walinipa nafasi ya mtu wa mwisho kwenye kuvuta kamba.

Kila mwaka baada ya mavuno tunakwenda Ihanda, kwa wenzetu wa kanisa. Jumamosi michezo, Jumapili ibada ya pamoja. Mchezo mkubwa ni kamba, zawadi beberu. Mtu wa mwisho wa timu iliyoshinda anatoa ushuhuda ibadani jinsi Mungu alivyomtia nguvu. Huo ni utaratibu, hukwepi.

Sisi hatujawahi kushinda. Mtu wao wa mwisho ni mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa, na miaka yote hang'oki.

Sasa huyo mzee ndiye baba yake Eliza, mchumba wangu. Barua ya posa ilishafika kwake, jibu bado. Aliwahi kuniambia, "Kijana, binti yangu simpi mtu wa kuvutwavutwa."

Hapo pressure ikapanda.

Mwaka huu pande zikapigiwa kura, tukapata upande wa juu, ambao siku zote huwa wao. Nikamwona mzee anakunja uso. Nikadhani ni jua.

Nafika mwisho wa mstari, nyuma yangu kwenye majani kuna kisiki cha mkaratusi. Kina alama imelika kukizunguka, laini kama mpini wa jembe. Nikajua ni pa kufungia mbuzi. Shetani akaniuliza, kama mbuzi haking'oi, Ihanda wataweza?

Filimbi ikalia, nikazungusha mkia wa kamba mara mbili. Refa, mwinjilisti wa watu, macho yake yote kwenye kitambaa cha katikati. Ihanda wanavuta, hatusogei. Wakichoka, wenzangu wanarudi nyuma hatua moja, mimi nakaza iliyolegea. Mwisho mzee akaanguka kifudifudi, kiatu kimoja kikabaki nyuma.

Beberu akaliwa. Mimi nyama haikushuka. Sawa, ilishuka, ila bila raha.

Jumapili mchungaji akatangaza, "Ndugu yetu aje atuambie siri ya nguvu zake." Vigelegele. Eliza yuko kwaya, anatabasamu. Baba yake anaangalia sakafu, kiganja kimefungwa bandeji.

Uongo nilikuwa nao tayari, wa kufunga na kuomba siku tatu. Ila ile bandeji ikaniuma. Nikidanganya, namsingizia Mungu madhabahuni kwake. Nikisema kweli, Eliza kwaheri.

Nikashika maiki. "Bwana asifiwe. Wapendwa, sina siri. Nilifunga kamba kwenye kisiki. Mungu anisamehe, na wewe baba unisamehe."

Mke wa mchungaji akaguna.

Mzee akasimama. Nikajua posa imerudi.

"Mchungaji," akasema taratibu, "kisiki hicho nakijua. Ile alama ni ya kamba yangu, ya miaka yote."

Watu walicheka mpaka mchungaji aliyekuwa anakemea naye akakaa chini. Waliobaki wameduwaa ni wale wa Ihanda waliokuwa wanatuambia kila mwaka kwamba wanashinda kwa maombi ya alfajiri.

Adhabu yetu ilikuwa kuking'oa kile kisiki, mimi na mzee, baada ya ibada, na suti zetu. Wakuu, mizizi ya mkaratusi inakwenda mpaka Zambia. Tulichimba mchana kutwa.

Kilipotoka akajifuta jasho. "Ulizungusha mara ngapi?"

"Mbili, baba."

"Mbili inateleza. Ni tatu." Akaokota koti lake. "Waambie washenga waje Jumamosi."

Nilichojifunza: refa unaweza kumkwepa, lakini Mungu anaona mpaka nyuma kwenye majani. Na kukiri kunauma dakika moja tu. Kuchimba ndiko kunauma mgongo wiki nzima.

Haya, waliowahi kushinda kwa kisiki chochote, tubuni hapa chini. Msiogope, mkwe wangu kajiunga humu jana na anasoma comment zote.