Harusi Isiyoenea Kwenye TV

Mwaka 2007 Muteti alinunua kamera mpya ya video, na tangu hapo hakupumzika. Mimi nilikuwa nikishona nguo upande wa pili wa pazia, chumba kimoja hapo Kitengela, kwa hivyo miayo yake naijua kuliko mkewe. Kamera ilipiga picha pana. Wateja nao walikuwa na TV za mgongo mkubwa, kioo chake karibu mraba. Akiiacha picha ilivyo, utepe mweusi unabaki juu na chini, watu wanakuwa wadogo, na mteja anarudi kunung'unika kwamba ameuziwa nusu. Ilimbidi aikate pembeni, kipande kwa kipande, akichagua nani abaki na nani atoke. Wiki inaishia hapo, na Jumamosi kuna harusi nyingine.

Ya Lorine ilifanyika Aprili. Kufika Septemba video yake bado ilikuwa kwenye foleni. Siku moja Muteti alichoka kabisa. Badala ya kukata, aliibana picha yote kutoka pande mbili mpaka ikaenea. Watu walirefuka na kukonda. Nilimwambia huo ni uvivu, akaniambia nishone.

Jentrix, mama yake Lorine, alichukua CD yake, na kesho yake akarudi nayo. Mumewe Dalmas alikuwa amezikwa Agosti, baada ya ugonjwa uliommaliza mwili wote. Siku ya harusi alikuwa bado mnene, na mashavu yake.

"Muteti, huyu ni Dalmas wa hospitali," alisema bila kupandisha sauti. "Huyo nilimwona vya kutosha. Mimi nataka yule wa harusi."

Niliona aibu, na kazi haikuwa yangu. Muteti alifuta uso kwa viganja viwili, akamvutia mama kiti, akaanza upya.

Walikaa siku tatu. Dalmas alirudi kuwa mnene, na Jentrix akawa anacheka kidogo, peke yake. Halafu wakafika mahali Lorine anashika maikrofoni kumshukuru baba yake. Lorine amesimama mwisho wa kulia. Dalmas ameketi mwisho wa kushoto, analia kwenye leso. Katikati ni meza ya keki tu.

"Mama Lorine, hawa wawili hawawezi kuingia pamoja," Muteti alisema. Alikuwa amechoka hata kuomba radhi. "Kawaida tunaweka bibi harusi. Ni siku yake."

Jentrix alimgusa Dalmas kwenye skrini. Mashine yangu nilikuwa nimeisimamisha.

"Lorine niko naye," alisema. "Yuko tu Tuala. Nikimtaka, Jumapili naenda namwona. Huyu mwingine sina pa kumwendea."

Muteti akaisukuma fremu kushoto, polepole, mpaka Lorine akatoka kabisa, ikabaki sauti yake ikisema asante, baba.